Wimbo wa Bwana Viatu

Baba alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita akiwa amevaa viatu. Sisemi katambuga za tairi walizovaa wanaume wengi wa kwetu. Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi, vya kufunga kamba, soli yake nene kama kipande cha ubao. Ukimsikia anakuja kutoka zizini ungedhani ni watu wawili.

Ulikuwa mwaka ule ule nilioacha shule ya misheni. Nilikuwa nimefika darasa la tatu, na kwa upande wetu wa Songwa hilo lilinitosha kujiona mtu. Baba alikuwa amekaa machimboni misimu mingi, anakuja, anaondoka, na safari hii alisema hatarudi tena. Jiwe lilimpiga mguu wa kushoto kule shimoni. Alisema mguu wake sasa unapenda kushikwa, na kiatu kinaushika vizuri. Hatukumwuliza zaidi. Mtu akishasema jambo lake akicheka, nani atamwuliza tena?

Alivaa viatu vile kila mahali, hata shambani. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unanata kama ugali wa muhogo. Baba alikuwa akilima hatua chache, soli zinajaa tope mpaka anarefuka. Anasimama, anakwangua kwa kijiti, analima tena. Mama akimwona hivyo anaweka jembe chini.

"Baba watoto, leo unalima au unajenga kichuguu?"

"Acha nijenge," baba anajibu. "Mchwa wakija watanilimia."

Basi siku moja nikiwa napura mtama na mama, wimbo ukanijia. Nyimbo zilikuwa zikinijia tangu utotoni, lakini nyingi zilikufa kabla ya jioni. Huu haukufa. Kwa Kisukuma ulikuwa unaruka vizuri, unafuata kabisa mpigo wa fimbo za kupuria. Maneno yake yalikuwa haya:

Bwana Viatu karudi nyumbani,
jembe likauliza, wewe nani?
Akasema, mimi mwenye shamba.
Jembe likasema, mwenye shamba ana nyayo,
wewe huna nyayo, una kwato.

Jioni nilimwimbia baba. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ubavu. Kisha akainuka, akatembea uani akikanyaga kwa kishindo, akanikumbusha kwamba hata ng'ombe walipomwona siku ya kwanza walimsogelea wakidhani ni ndugu yao. Nikayatia na hayo. Kwa hiyo ubeti wa pili, ule wa ng'ombe kumsalimia Bwana Viatu, kusema kweli ulitoka kinywani mwake mwenyewe. Tuliuimba wimbo ule mwezi mzima ndani ya ua wetu. Mama akiupenda, baba akiupenda, na mimi nikijiona malkia.

Majirani waliousikia ni wale waliokuja kutusaidia kupura. Wakaondoka nao. Kabla ya mavuno kuisha, manju akaja kwetu.

Huyu manju alikuwa kiongozi wa ngoma wa upande wetu, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu. Siku za kawaida alichunga mbuzi wa mjomba wake kama mtu mwingine yeyote, lakini uwanjani alikuwa mtu wa kuogopwa. Ngoma zetu za baada ya mavuno ni za mashindano. Vikundi viwili hupiga katika uwanja mmoja, saa ile ile, na watu hukimbilia kule kunakopendeza. Atakayebaki na watu ndiye mshindi. Kwa hiyo wimbo mpya mtamu ni kitu ambacho manju hukitafuta kama mfugaji anavyotafuta dume zuri.

Na wimbo kwetu una mwenyewe. Manju akiuchukua bila kuomba, mwenyewe anaweza kuingia katikati ya uwanja na kuishika ngoma kwa mkono, na ngoma itanyamaza. Anayetaka kuomba huja mchana, na jembe jipya lisilotiwa mpini. Mwenye wimbo akikubali, hulipokea jembe, halafu hana budi kumfundisha wote, na sauti yake, asifiche kipande. Tena asiwape watu wa upande wa pili msimu huo. Naye aliyepewa habadili neno bila kurudi kuuliza, wala hampi manju mwingine. Haya hayakuandikwa popote. Kila mtu aliyajua.

Manju alisalimia, "Mwangaluka, baba." Baba akaitika. Jembe likawekwa chini baina yao. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Nimekuja kuomba ule wa viatu," alisema manju.

"Mwenyewe yule pale," baba alisema, akanielekezea kidevu. Niliona anajitahidi asitabasamu. Alikuwa na fahari na mimi siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kulikumbuka.

Manju akanigeukia. Hakunidharau hata kidogo. Aliniuliza kama angemwuliza mtu mzima: nitampa kwa msimu mmoja au miwili? Anaruhusiwa kuuvusha mpaka Kahama, au auimbe hapa hapa? Akipata ubeti mwingine mtamu, aje aniulize? Nilijibu yote kwa sauti ya mwalimu wetu wa misheni. Msimu mmoja. Kahama ruhusa. Ubeti mpya aje aniulize.

"Na la mwisho," akasema. "Utajwe, au usitajwe?"

Hiyo ni haki ya mwenye wimbo. Akitaka, manju husimama kabla ya kuanza na kutangaza kwamba wimbo si wake, amepewa ruhusa na fulani. Asipotaka, wimbo huimbwa tu.

"Atajwe ya nini?" baba alisema haraka. "Wimbo uende wenyewe. Una miguu."

"Nitajwe," nikasema.

Mama alisonya kule jikoni. Baba alinitazama kidogo. Nilidhani ananionea aibu kwa kuwa mimi ni msichana. Nami nilikuwa nimeota usiku mwingi nikisikia jina langu likipita juu ya vichwa vya watu, likifika Shinyanga mjini, likivuka reli. Nilikuwa mtu wa ndoto namna hiyo. Nilifikiri hata wale Wahindi wa madukani watauliza, ni nani huyo?

"Nitajwe," nikarudia. "Ni haki yangu."

"Ni haki yake," manju alimwambia baba, kwa upole.

"Basi," baba akasema. Akalichukua jembe, akalipiga kwa ukucha kusikia mlio wake, akampa mama.

Siku ya mashindano tulikwenda sote. Uwanja ulijaa mpaka vumbi lilikuwa juu ya watu kama paa. Baba alisimama na wanaume wa rika lake, wale wa kikundi cha jembe. Lazima nikieleze kikundi hiki, maana ndicho kitu alichokihangaikia baba mwaka ule wote. Wanaume na vijana wa mitaa yetu hulima pamoja kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho, katika safu moja ndefu, wakifuata wimbo. Usipokuwa na nafasi yako katika safu, shamba lako halilimwi. Baba alikuwa ameipoteza nafasi yake kwa kukaa Geita. Alikwenda kwao na mtungi wa pombe, akakaa chini kama mgeni, akaomba. Wakamrudisha. Angeingia tena mvua za kwanza zikinyesha. Mguu wake usingeweza kulima shamba zima peke yake, na yeye alijua, na mama alijua.

Manju wetu alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Ngoma zikanyamaza upande wetu.

"Wimbo huu si wangu!" alipaza sauti. "Nimepewa ruhusa na mwenyewe!"

Nikafumba macho nilisikie jina langu.

Kwetu msichana hatangazwi uwanjani kwa jina alilobatizwa. Hutangazwa kuwa ni ng'wana fulani, mtoto wa fulani, na huyo fulani ni baba yake. Nililijua jambo hili tangu nilipoanza kujua kusema. Nimeitwa hivyo maisha yangu yote, kisimani, gulioni, kila mahali. Na bado, siku zote zile za kuota, sikuwahi kulisikia jina lile kama lilivyo. Manju alilitangaza jina la baba yangu mara tatu, kwa sauti ya kuita ng'ombe, akaongeza ukoo wake na mji wake, yule aliyerudi kutoka Geita, ili kusiwe na mashaka. Alifanya hasa kama nilivyomwagiza. Halafu ngoma zikapiga, akaanza: Bwana Viatu karudi nyumbani.

Ubeti wa kwanza ulipofika kwenye kwato, watu waliokuwa karibu na baba walitazama chini. Nilikuwa mbali kidogo nikawaona, vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine kama mtama upepo ukipita. Kisha kicheko kikalipuka.

"Ee! Kumbe ndizo hizi!"

"Fungueni zizi, ng'ombe wa Geita kaja!"

"Mzee, hebu inua kwato moja tuone msumari!"

Watu wa upande wa pili wakasikia kicheko, wakaja wakikimbia kuona. Wakajazana upande wetu mpaka yule manju mwingine akabaki na wapiga ngoma wake na mbwa. Tulishinda. Ushindi mkubwa, watu waliusema kwa muda mrefu. Manju wetu alikuwa akinitafuta kwa macho, amefurahi, jasho linamtiririka, na mimi nilichuchumaa nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto, kichwa nimekiingiza magotini.

Baba hakuondoka. Angeondoka ningepata nafuu. Alisimama pale pale mpaka wimbo ukaisha, akitabasamu tabasamu moja lisilobadilika.

Tulipokaribia nyumbani mama ndiye aliyepasuka.

"Ulidhani watakuita ng'wana nani? Ng'wana upepo?"

"Mwache," baba alisema.

"Baba, si uliucheka?" nilisema huku nalia. "Si uliupenda?"

Akajibu bila kunigeukia. "Niliucheka nyumbani. Nyumbani ni kwangu."

Aliingia ndani. Nikabaki uani. Nilikuwa nimemfundisha manju wimbo wote bila kuficha kipande, kama inavyotakiwa, na ubeti wa ng'ombe nimeutoa pamoja. Sikuwahi kumwuliza mwenye viatu.

Baada ya hapo baba alianza kubaki nyumbani. Siku ya kuuza pamba alimtuma mama. Gulioni alinituma mimi, na watu walinisalimia kwa furaha kabisa, hawakuwa na ubaya: "Ng'wana Viatu, hujambo? Mzee hajambo? Kwato zapona?" Ndilo jina lililopita juu ya vichwa vya watu. Kikundi cha jembe walipomtumia salamu kwamba mvua ziko karibu, alijibu kwamba mguu unamsumbua, watamwona wakimwona. Mama aliposikia jibu lile alikwenda nyuma ya ghala, akakaa huko.

Nikaamua kumnyang'anya manju wimbo. Mwenye wimbo anaweza, hata msimu haujaisha, ila lazima arudishe jembe. Hapo kukawa na aibu nyingine, maana mama alishalitia mpini na kulimia matuta ya viazi, pembe yake moja imekwisha kulika. Nililing'oa mpini, nikaliosha, nikalibeba kichwani. Manju alikuwa na mbuzi wake. Nikaliweka jembe chini miguuni pake.

Aliitazama ile pembe. "Hili limekula viazi," akasema.

"Nisamehe, kaka. Nauchukua tena wimbo wangu."

"Nimekosa wapi?"

"Hujakosa."

"Nimebadili neno?"

"Hujabadili."

"Nimempa mtu?" Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Nilikutaja kama ulivyotaka. Nilitaja mpaka sauti ikakauka."

Nikaanza kulia tena, basi nikamweleza habari za baba na safu ya jembe. Alisikiliza huku akirusha vijiwe kwa mbuzi aliyetaka kuingia shamba la mtu. Kisha akasema, "Hapa watu wameshajua, hilo haliondoki leo. Lakini Kahama hawajui. Masumbwe hawajui. Nikienda huko nisikutaje kabisa. Bwana Viatu atakuwa mtu yeyote, kila mji una wake. Watu wa huku nao watasikia unavyoimbwa na wageni, watasahau wa kwanza alikuwa nani. Sema tu, nisitaje."

Lilikuwa shauri jema, nililiona palepale kuwa ni jema. Na sikuweza kulitamka neno lile. Nilisimama mbele ya mbuzi wale, baba yangu amejifungia nyumbani, nikawaza: wautie vinywani mwao huko kote, na mimi nisijulikane? Hata sasa nikikumbuka nahisi uso wangu unapata moto.

"Hapana," nikasema. "Usiuimbe kabisa."

"Haya," manju akasema. Akaliokota jembe.

Alitimiza. Mashindano mawili yaliyobaki alipiga nyimbo za zamani, akashindwa yote mawili, na hakumwambia mtu sababu. Lakini kumkataza manju ni jambo moja. Watoto wa kuchunga hawakuwa wameniomba ruhusa, wala wapagazi wa pamba, wala wanawake wa kisimani. Wimbo ulikuwa ukipita nje ya ua wetu asubuhi na jioni, na baba alikuwa ndani akisuka kamba ambazo hatukuwa na kazi nazo.

Mvua zikanyesha. Safu ya jembe ikaanza kwa shamba la jirani yetu wa juu. Asubuhi ile nilichukua jembe la baba, nikaenda kusimama mahali pake.

Mkuu wa safu, mzee mfupi mwenye kifua kipana, alinitazama. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiwe mguu wa baba yako?"

"Ndiyo."

"Haya, mguu. Usibaki nyuma."

Nilibaki nyuma. Darasa la tatu lote lile halikunisaidia kitu. Malengelenge yalitoka kabla jua halijapanda, na vijana wa kulia na kushoto walinipita wakirudi kunimalizia kipande changu, wakinicheka kwa raha. Hivyo siku ya kwanza, hivyo ya pili. Baada ya hapo zamu ikawa ya shamba letu.

Shamba letu liko mbele ya nyumba, mtu akiwa mlangoni anasikia kila neno. Tulijipanga. Kwa desturi mwenye shamba hutoka, akaonyesha mpaka, akasema anzeni hapa. Asipotoka, safu hulivuka shamba na kwenda kwa mwingine. Tulingoja. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Mwenye shamba yuko wapi?" mkuu wa safu akauliza.

"Anafunga kamba," kijana mmoja akasema, na safu nzima ikatetemeka kwa kicheko kilichozuiwa.

Mwingine akanigeukia. "Mwenye wimbo, mikono inapoa. Tupe ule wako tuanze nao. Au mpaka tukuletee jembe?"

Walicheka wote. Sijui nilipata wapi sauti. Nilichojua ni kwamba mwenye wimbo ana haki moja ambayo sikuwa nimeitumia, ya kubadili maneno, na hiyo hakuna wa kuniuliza. Nikainua jembe, nikaanza:

Bibi Kalamu karudi nyumbani,
jembe likauliza, wewe nani?
Akasema, mimi nimesoma.
Jembe likasema, nionyeshe mikono.
Huna mikono, una maandazi.

Nikawanyooshea viganja vyangu vilivyofura, vyekundu, vinavyochuruzika. Wakapasuka kwa kicheko. Yule mkuu wa safu aliinama akashika magoti. "Maandazi!" akasema. "Maandazi, kweli!" Wakaudaka pale pale, maana sauti yake walikuwa nayo tayari, na majembe yakaanza kugonga ardhi mahali tulipokuwa tumesimama kabla hata ya kuonyeshwa mpaka.

"Wa nani huu?" mtu aliuliza kutoka mwisho wa safu. "Tukitaja, tumtaje nani?"

"Hauna mwenyewe," nikasema. "Msitaje mtu."

Tulikuwa tumeuimba mara nyingi, koo langu limekauka, niliposikia kishindo nyuma yangu. Baba alikuwa ametoka. Amevaa viatu vyake, ameshika fimbo. Majembe yakapungua kasi. Nilisubiri mtu aseme neno la kwato, na nadhani kuna aliyelifikiria, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa maandazi.

Baba alipita mbele ya safu mpaka kwenye jiwe la mpaka, akaikita fimbo.

"Mmeanza vibaya," aliwaambia. "Anzieni hapa."

Wakasogea. Akaja polepole akikagua udongo uliokwisha kulimwa, akikwangua soli zake bila haraka, mpaka akafika kwenye kipande changu. Sikuinua uso. Niliona viatu tu, na tope lake.

"Wewe," akasema. "Unaruka vipande. Rudi pale ulime tena."